Krismasi Iyunga: Madhara makubwa ya mlo yako jikoni

SIKUKUU ya Krismasi huwakuta wakazi wa Iyunga, jijini Mbeya, msimu wa mvua ukiwa umeshika kasi. Mkaa hulowa na hushika moto kwa taabu, na siku hiyo hiyo kila nyumba huhitaji majiko mawili au matatu kwa pamoja: la pilau, la nyama na la maharage.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na wengi hudhani kwamba kwa kubeba kikapu kwenda sokoni wamemaliza wajibu wao kwa mazingira. Kilo moja ya mkaa uliochomwa kwa tanuri la asili la udongo huweza kugharimu kilo sita hadi kumi za kuni. Gunia linaloshushwa mlangoni ni sehemu ndogo tu ya miti iliyoangushwa.

Mwinuko nao huongeza mzigo. Mbeya ipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka katika nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Mgeni kutoka Dar es Salaam hushangaa maharage yanavyochelewa kuiva, akamlaumu aliyeyauza. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva mapema zaidi, na sufuria ya presha hurudisha joto ambalo mwinuko umelipunguza. Wali ulioanza kukauka unaweza kuepuliwa na kufunikwa ndani ya kapu lenye blanketi kuukuu. Joto lake lenyewe humalizia kazi. Nyama yenye mifupa ibaki motoni.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Gesi ya mitungi huagizwa kutoka nje na haikosi lawama zake, lakini huokoa miti, na mapafu ya mpishi pia.

Mchele ni suala jingine. Ule wa Mbarali hulimwa kwa maji ya bonde la Usangu, yanayolisha Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mchele wa Kyela kwa sehemu kubwa hutegemea mvua. Si sababu ya kuususia wa Mbarali, ambao umewasomesha watoto wengi, bali ni sababu ya kuhesabu wageni kabla ya kupima mchele, kwani sinia linalomwagwa asubuhi ya Desemba 26 humwagwa pamoja na maji ya mto huo.

Sahani huazimwa kwa jirani, kama ilivyo desturi misibani na harusini. Soda za chupa za kioo hurudishwa na kreti lake, ilhali vikombe vya plastiki huishia kuchomwa uani, moshi wake ukiwarudia watoto wanaocheza. Maganda ya ndizi na viazi ni chakula cha nguruwe au ng'ombe. Asiyefuga huyafukia shimoni yawe mboji ya bustani. Chakula kinachobaki kigawanywe jioni hiyo hiyo, kila mgeni akiondoka na bakuli lake.