Ufa na Mwenye Nyumba

Wahenga walituachia usemi kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika chuo cha ualimu nilichokiongoza methali hiyo ilitajwa mara nyingi, na kila mara lawama ilimwendea mwenye nyumba. Historia ya maji vijijini imenifanya niulize: je, kama ufa uko juu na mwenye nyumba hana ngazi?

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi, umbali usiozidi mita 400, ifikapo 1991. Umoja wa Mataifa nao ukaitangaza miaka ya 1981 hadi 1990 kuwa Muongo wa Maji. Visima vikachimbwa, pampu za mkono zikafungwa. Chukua pampu ya India Mark II, ambayo ni imara kweli kweli. Pete ya mpira iliyo ndani ya silinda ikilika, sharti mabomba yote ya chuma yang'olewe kisimani, kazi inayohitaji kundi la mafundi wenye gari na vifaa vya kunyanyulia. Gari lisipofika, kina mama hurudi dimbwini na watoto hurudi kuharisha, kwa ajili ya kipande cha mpira.

Ndipo wataalamu wakageuza swali. Badala ya kuuliza tu pampu itadumu miaka mingapi, wakauliza: ikiharibika, nani ataweza kuitengeneza? Jibu mojawapo ni Afridev, iliyobuniwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980 na kujaribiwa Kwale. Spana moja yatosha kuifungua. Fito na pistoni huvutwa kwa mikono, bomba likibaki mahali pake. Beringi zake ni za plastiki. Wanakijiji wenyewe, wanawake wakiwamo, waliweza kufundishwa kubadilisha vipuri kabla havijalika kabisa.

Sisemi kwamba spana ilimaliza yote. Vipuri huhitaji duka, na duka huhitaji mfuko wa kijiji wenye fedha na mweka hazina mwaminifu. Mwaka 1991 ulipita, ahadi ile haikutimia. Ila funzo limebaki: matunzo huanza kwenye meza ya mchoraji. Aliyejenga nyumba ambayo nyufa zake hazifikiki, asimcheke mwenye nyumba ukuta ukianguka.