Graben: namna mawe ya chini ya ardhi yanavyojulikana

Ndugu wasikilizaji, hasa ninyi mlioacha mashamba yenu wilayani Beni, kuna swali linalorudi mara nyingi: je, chini ya ardhi yetu kuna petroli? Historia inatusaidia kulijibu bila uvumi.

Bonde kubwa lililo kando yetu ndilo Graben, jina ambalo Butembo tunalijua kupitia chuo kikuu chetu cha Kikatoliki. Humo mto Semliki hutoka ziwa Edouard kwenda ziwa Albert. Kwa mamilioni ya miaka bonde hilo limejaa tabaka za mchanga na za udongo wa mfinyanzi. Petroli hukaa katika matundu madogo ya mchanga, na mfinyanzi ulio juu huizuia isipande.

Zamani wachimbaji walitegemea vipande vya mawe vilivyoletwa juu. Kisha, tarehe 5 Septemba 1927, huko Pechelbronn, Ufaransa, mafundi wa ndugu wawili, Conrad na Marcel Schlumberger, waliteremsha chombo cha umeme kisimani, wakapima mita kwa mita na kuchora mstari kwenye karatasi. Maji ya chumvi hupitisha umeme, petroli huuzuia. Lakini maji matamu na mwamba mgumu navyo huuzuia. Ndiyo maana baadaye kikaongezwa kipimo cha mionzi ya gama: kwa kawaida mfinyanzi hutoa mingi, mchanga safi hutoa michache. Mtaalamu hulinganisha mistari yote ndipo aseme hili ni jiwe gani.

Majirani zetu wa Uganda walichimba kisima cha Waki, karibu na Butiaba, mwaka 1938. Petroli ya kutosha biashara ilipatikana 2006, kando ya ziwa Albert. Lakini visima vya Turaco, katika uwanda wa Semliki, vilivyochimbwa kuanzia 2002, vilikuta gesi iliyojaa hewa ya kaboni. Bonde ni moja, majibu ni tofauti.

Upande wetu, mwaka 2014 kampuni ya SOCO ilipima ziwa Edouard kwa mitetemo tu, bila kuchimba kisima. Mitetemo huonyesha umbo la tabaka; haithibitishi kilichomo.

Kwa hiyo, mtu akikuambia shamba lako lina petroli, akitaka uliuze haraka, muulize: kisima kilichimbwa wapi? Mwaka gani? Karatasi ya vipimo iko wapi? Akikosa jibu, tunza hati zako, usitie sahihi.