Saa Nane Usiku wa Ijumaa: Kompyuta na Usomaji wa Majira ya Kiswahili

Mtu akisema kwamba jambo fulani lilitukia saa nane usiku wa Ijumaa, msikilizaji wake hudhani ameelewa. Lakini tukiyatia maneno hayo katika mizani tutaona kwamba yaweza kuelekeza kwenye nyakati nne mbalimbali. Yaweza kuwa saa nane ya Kiswahili katika usiku unaoutangulia mchana wa Ijumaa; yaweza kuwa saa hiyo hiyo katika usiku unaoufuata mchana huo; na iwapo msemaji ameifuata hesabu ya Kizungu, basi anakusudia saa mbili baada ya jua kutua, na hapo pia usiku wenyewe waweza kuwa ule wa kwanza au ule wa pili. Baina ya wakati wa mapema kabisa na wakati wa mwisho kabisa katika hizo nne pana muda wa saa 30.

Jambo hili si dogo kwa karani anayeandika hati ya kuzaliwa, wala kwa askari anayeandika taarifa ya shahidi. Tofauti ya saa 30 yaweza kumpa mtoto tarehe isiyo yake, au kumweka mtuhumiwa mahali ambapo hakuwapo. Hata hivyo, karani aliye binadamu akishuku ataulizia. Programu ya kompyuta, kama haikufundishwa kushuku, huchagua jibu moja, ikaliandika, na maneno ya asili yakapotea.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya programu zinazosoma tarehe na saa zilizoandikwa na watu, kisha kuonyesha kwa nini kanuni moja ya kuongeza saa sita haitoshi kwa Kiswahili. Hoja yetu ni kwamba kila programu ya namna hii hulijaza lile ambalo mwandishi hakulitamka, na kwamba tangu mwanzo pengo hilo lilijazwa kwa desturi za waliounda programu. Kwa upande wa Kiswahili, kinachofaa kulijaza kimo ndani ya sentensi yenyewe, nayo ni kazi ya wanaisimu kukieleza.

1. Hesabu yenyewe

Kama ijulikanavyo, saa ya Kiswahili imefungamana na jua. Karibu na Ikweta jua huchomoza na kutua takriban wakati ule ule mwaka mzima, na kwa hiyo hesabu ya saa yaweza kuanza upya mara mbili bila taabu: kunapokucha na kunapokuchwa. Saa moja ya asubuhi ni saa ya kwanza iliyotimia tangu kukuche, na saa moja ya usiku ni ya kwanza iliyotimia tangu jua litue.

Siku nayo ina mwanzo wake. Edward Steere, katika kitabu chake cha mwaka 1870 kuhusu lugha ya Kiswahili kama ilivyosemwa Unguja, alilifasiri neno siku kuwa muda wa saa 24 kutoka kuchwa kwa jua hadi kuchwa kwa jua. Hesabu hiyo ndiyo ya Kiislamu pia, na kwayo usiku huutangulia mchana wake. Kwa mzee wa pwani aliyelelewa katika desturi hiyo, usiku wa Ijumaa ni ule ambao mwingine angeuita Alhamisi usiku. Maneno ni yale yale, mpangilio umebadilika kidogo tu, na siku nzima imehama.

Majina ya siku za juma yana fumbo lake. Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ni ya pili, na hesabu huendelea hadi Jumatano, iliyo ya tano. Inayofuata ni Alhamisi, jina lililotoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya tano pia, kwa kuwa Waarabu huanza kuhesabu siku moja baadaye. Hivyo juma la Mswahili lina siku mbili za tano zilizofuatana, na hakuna Mswahili anayetatizika. Kadhalika miezi: mfungo mosi ni mwezi unaofuata Ramadhani, na hesabu huenda hadi mfungo tisa. Mtu asomaye "mfungo sita" akadhani ni Juni, kwa sababu Juni ni mwezi wa sita, atakuwa ameuchukua mwezi wa Maulidi, unaofuata mwandamo wa mwezi, na kuutia katika kalenda ya jua.

2. Jinsi mashine zilivyofundishwa kusoma

Sasa na tuvuke tuende Marekani, maana huko ndiko programu tunazozizungumzia zilikoanzia. Mfumo wa Unix, uliobuniwa katika maabara za kampuni ya Bell, huhifadhi wakati kama hesabu ya sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Wakati huo Nairobi ilikuwa saa tisa ya usiku. Hesabu ya sekunde haina lugha, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Tatizo huja pale mtu anapotaka kumwambia kompyuta wakati kwa maneno yake mwenyewe.

Programu mojawapo ya mwanzo iliyojulikana sana kwa kazi hiyo iliitwa getdate. Iliandikwa na Steven Bellovin alipokuwa Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Chapel Hill. Baadaye watu wengine waliirekebisha, na mnamo Agosti 1990 Rich Salz na Jim Berets wakaiunda upya kabisa. Kinachomhusu mwanaisimu ni njia aliyoitumia Bellovin. Hakuorodhesha kila namna ya kuandika tarehe. Alitunga sarufi: kanuni chache zinazosema kwamba tarehe yaweza kujengwa na siku, mwezi na mwaka, kwamba saa yaweza kufuatwa na alama ya asubuhi au ya alasiri, na kwamba pana maneno ya kuelekeza, kama vile kesho, jana, au Ijumaa ijayo. Sarufi hiyo ilitiwa katika chombo kiitwacho yacc, kilichoundwa na Stephen Johnson, nacho kikazalisha programu ya kuichanganua sentensi. Kwa hivyo tunapotumia neno uchanganuzi kwa kazi hii ya kompyuta, hatusemi kwa sitiari. Ni kazi ile ile ya kuigawa sentensi katika viungo vyake.

Sarufi hiyo ilikumbana mara moja na utata wa lugha yake. Katika Kiingereza neno moja lina maana ya pili katika mpangilio, na pia lina maana ya sekunde. Programu haikuweza kulitumia kwa maana zote mbili, na kwa hiyo katika orodha ya maneno yake ya mpangilio, la kwanza lipo, la tatu lipo, bali la pili halimo. Msomaji wa Kiswahili atalikumbuka neno letu saa, ambalo ni chombo cha kutazamia wakati, ni muda wa dakika 60, na pia ni nukta ya wakati. Safari ya saa tatu na safari ya saa tatu asubuhi ni mambo mawili. Aidha, programu hiyo ilipokuta tarakimu mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju, ilizisoma kwa desturi ya Marekani, mwezi ukitangulia siku. Mkenya akiandika 3/4 akikusudia tarehe 3 Aprili, programu husoma tarehe 4 Machi bila kulalamika.

Mwaka 1982 ulitolewa waraka nambari 822 wa kanuni za barua zinazotumwa baina ya kompyuta, uliotayarishwa na David Crocker wa Chuo Kikuu cha Delaware. Waraka huo uliruhusu mwaka uandikwe kwa tarakimu mbili tu. Ulitaja kwa majina saa za Greenwich na saa za kanda za Marekani. Sehemu nyingine za dunia ziliweza kuandika tofauti yao kwa tarakimu, na hivyo Nairobi ikawa +0300. Uliruhusu pia herufi moja moja zitumiwazo na majeshi kutaja kanda za saa, lakini ukazigeuza: palipotakiwa kujumlisha ukaagiza kutoa. Waraka nambari 1123 wa mwaka 1989 ulilitaja kosa hilo waziwazi na kuhimiza mwaka uandikwe kwa tarakimu nne. Barua zilizokwisha kuandikwa kwa kanuni ya kwanza hazikuweza kubadilishwa, na programu za kuzisoma zimelazimika kuzivumilia tangu hapo.

Mwaka 1988 shirika la kimataifa la viwango, ISO, lilitoa kiwango nambari 8601. Hapo mwaka hutangulia, ukafuatwa na mwezi, kisha siku; saa huhesabiwa hadi 24 tangu usiku wa manane; na juma huanza siku ambayo kiwango hicho huipa nambari 1. Siku hiyo ndiyo tuiitayo Jumatatu. Programu itakayotafuta nambari ya siku katika jina lake la Kiswahili itapata tatu mahali pa moja.

Hata tofauti na Greenwich yenyewe si kitu kilichotulia daima. Hazina ya kanda za saa iliyoanzishwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, na ambayo hutumiwa na kompyuta nyingi ulimwenguni, inaonyesha kwamba Kenya, kabla ya kutulia katika tofauti ya saa 3, iliwahi kufuata saa 2 na nusu, na pia saa 2 na dakika 45. Atakayesoma hati ya wakati wa ukoloni kwa kanuni ya leo atakosea kwa dakika kadhaa.

Katika miaka ya 2000 Kiswahili nacho kikaingia katika ghala la data za lugha linalosimamiwa na Unicode. Humo mna majina ya siku na miezi, na maneno kama alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Ni hatua ya kushukuriwa. Lakini saa zenyewe zilibaki kuhesabiwa kwa desturi ya kigeni. Ghala hilo linao msemo "saa sita za mchana" kwa wakati ambao tarakimu zake ni 12. Tumepewa maneno yetu, na hesabu imebaki ya wengine.

3. Kwa nini kuongeza sita hakutoshi

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni nyepesi: programu ikikuta saa ya Kiswahili, iongeze sita. Kanuni hiyo ingefaa kama kila aandikaye Kiswahili angefuata hesabu moja. Kwa kweli wako wanaoandika "saa 2 asubuhi", na wako wanaotazama simu, wakaona 8:00, wakaandika "saa 8 asubuhi". Wote wawili wamekusudia wakati mmoja, na programu ya kuongeza sita itamwelewa wa kwanza na kumpotosha wa pili.

Hata hivyo lugha yenyewe hutusaidia. Katika hesabu ya Kiswahili hakuna saa nane ya asubuhi. Saa nane ni ya mchana au ya usiku. Kwa hiyo neno asubuhi likiandamana na 8 latosha kutujulisha kwamba mwandishi amefuata hesabu ya Kizungu. Vivyo hivyo, saa 10 jioni haiwezi kuwa ya Kizungu, na saa 4 jioni haiwezi kuwa ya Kiswahili. Wakati wa mchana, basi, neno la kipindi huisahihisha tarakimu, mradi programu imefundishwa kuviangalia vyote viwili pamoja.

Usiku mambo ni mengine. Saa 2 usiku ni halali kwa Kiswahili, na kwa Kizungu pia ni usiku. Saa 3, saa 8 na saa 9 ni hivyo hivyo. Neno usiku ni pana mno kiasi kwamba hesabu zote mbili huenea ndani yake. Na usiku ndipo pia tarehe hugeuka, kwa wengine jua linapotua, kwa wengine usiku wa manane. Matatizo mawili hukutana mahali pamoja, na ndiyo sababu mfano wetu wa mwanzo ulizaa nyakati nne.

Waswahili hawakukaa bila kuliona hilo. Wanao msemo "usiku wa kuamkia", ambao magazeti na redio zetu huutumia kila siku. Usiku wa kuamkia Jumamosi hauna utata wa siku: ni ule ambao ukiisha kunakucha Jumamosi, awe msemaji anaianza siku magharibi au usiku wa manane. Programu iujuayo msemo huu itapunguza nyakati nne ziwe mbili. Mbili zilizobaki haziwezi kuamuliwa kwa sarufi, na hapo programu haina budi kumwuliza mwandishi.

4. Hitimisho

Wapo watakaopendekeza kwamba sote tufuate saa 24 na hesabu ya Kiswahili iachwe. Kwa ratiba za ndege na za maabara, hesabu hiyo imekwisha kukubalika wala hatuna ugomvi nayo. Lakini barua, taarifa za polisi, hati za mahakama na simulizi zilizorekodiwa tangu zamani zimekwisha kuandikwa kama zilivyoandikwa, na leo zinatiwa katika kompyuta kwa wingi. Kubadili desturi ya kesho hakutazisoma hati za jana.

Yanatakiwa mambo mawili. Kwanza, idara zetu za lugha zieleze kwa ukamilifu matumizi ya majira katika Kiswahili cha pwani na cha bara: mipaka ya alfajiri, asubuhi, alasiri na jioni, na tofauti baina ya "usiku wa Ijumaa" na "Ijumaa usiku" kama watu wanavyoyasema. Sarufi za kale ziligusia mambo haya kwa mistari michache. Mtunga programu anahitaji zaidi ya hayo. Pili, kila programu isomayo wakati wa Kiswahili iyahifadhi maneno ya asili kando ya tafsiri yake, ili anayekuja baadaye aweze kuisahihisha. Karani wa zamani aliyeandika katika daftari lake "saa nane usiku wa Ijumaa" hakutueleza yote, lakini alituachia maneno aliyoambiwa, na kwa hayo bado tunaweza kuuliza.