Nani Alibaki Nyumbani?

Kuanzia mwezi wa pili hadi wa tano, nyumba nyingi za Nakapanya hulala bila watu. Mahindi yanakomaa, mpunga wa mabondeni unaanza kuinama, na nguruwe pori hawana subira. Wenye mashamba hufunga mlango kwa kufuli, hubeba blanketi, tochi na debe la kugonga, kisha huenda kupanda dungu na kukesha. Asubuhi wanarudi. Mjini tungesema wako zamu ya usiku. Kijijini husemwa tu kwamba wamekwenda kulinda. Basi anayekwenda kulinda shamba, nyumba yake inalindwa na nani?

Nasomea shahada ya uzamili katika historia, na kwa muda mrefu swali hili nililiona dogo mno kuandikiwa. Historia ya kusini tunayofundishwa ina mambo mazito zaidi: Majimaji, Selous, ujamaa, korosho. Lakini nyumba tupu ya usiku imepita katikati ya mambo hayo yote, na ukiifuatilia unaona jinsi kazi na makazi ya watu wetu vilivyotenganishwa.

Nakapanya iko wilaya ya Tunduru, mkoani Ruvuma, kwenye barabara itokayo Masasi kupitia Mangaka. Barabara hiyo ilipowekwa lami, kazi iligawanywa vipande viwili, Mangaka hadi Nakapanya na Nakapanya hadi Tunduru, na kwa msafiri wa basi hicho ndicho kijiji chenyewe: nyumba zilizopangana kando ya lami. Mpangilio huo si wa kale.

Wayao waliovuka mto Ruvuma katika karne ya 19 walikuwa na desturi ya mume kuhamia kwa mke. Nyumba za dada wa tumbo moja zilikaa pamoja, chini ya kaka yao mkubwa, na kundi hilo waliliita mbumba. Ardhi ikichoka, watu walihama na kujenga karibu na shamba jipya. Dungu lilikuwepo hata wakati huo, maana nguruwe hawakuletwa na serikali. Ila aliyekuwa dunguni aliweza kuuona moshi wa nyumba yake, na asipokuwepo, mlango ulikuwa mbele ya macho ya dada, mama na shemeji.

Kisha vikaja vijiji vikubwa. Upande wa mpakani sababu ya kwanza ilikuwa vita. Kati ya 1964 na 1974 FRELIMO walipigana na Wareno ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa huku walihimizwa kukaa pamoja na kujifunza mgambo. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na hadi mwisho wa 1976 kila mtu awe amehamia. Nia ilikuwa shule, zahanati, maji na barabara, na kweli barabara ndiyo iliyoamua nyumba zikae wapi. Mashamba hayakuhama. Mikorosho iliyopandwa miaka mingi nyuma ilibaki porini, kilomita kadhaa kutoka kwa wenyewe.

Tunajua gharama yake kwa tani. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya korosho tani 145,000 hivi. Msimu wa 1986/87 zilikuwa chini ya tani 17,000. Bei mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia, lakini watafiti wengi wanaitaja pia Operesheni Vijiji: mtu hawezi kupalilia wala kulinda mti asiolala karibu nao. Gharama ya pili haikuwekwa kwenye mizani. Kila kaya ilipewa nyumba ya kulinda huku na shamba la kulinda kule, na usiku ni mmoja.

Wanaochagua shamba huchagua hatari pia. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, wakiwemo Watanzania Dennis Ikanda na Bernard Kissui, walichapisha katika jarida la Nature hesabu ya kutisha: tangu 1990 simba walikuwa wameua watu zaidi ya 563 nchini, na hali ilikuwa mbaya zaidi kusini. Mashambulizi yaliongezeka msimu wa mavuno, na sababu mojawapo ilikuwa hii hii ya watu kulala mashambani kufukuza nguruwe. Nguruwe hufuata mahindi, simba humfuata nguruwe, na katikati yuko mtu kwenye kibanda cha miti na nyasi.

Kwa upande wa nyumba, dola ilikuwa na majibu, na karibu yote yalirudi kwa wananchi wenyewe. Tangu katikati ya miaka ya 1960 TANU ilikuwa na balozi wa nyumba kumi, aliyetakiwa kumjua kila mgeni. Mapema miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi wa Shinyanga na Tabora, waliochoshwa na wizi wa ng'ombe, waliunda sungusungu. Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo na kulipa jeshi hilo la jadi nguvu ya kukamata, nalo likaenea hadi mikoa isiyo na ng'ombe wa kuibiwa. Siku hizi tunasema ulinzi shirikishi. Jina hubadilika, lakini sharti ni lile lile: kila kaya itoe mtu wa kuzunguka usiku, au ilipe. Sasa mwenye zamu dunguni atatokeaje kwenye zamu ya doria? Wajane na kaya zisizo na vijana ndio hutoa fedha au debe la mahindi.

Nilimuuliza bibi yangu yeye alifanyaje miaka yote hiyo. Alinieleza kama mtu anayefundisha mapishi. Kuku walihamishiwa kwa jirani. Mbegu na vyombo vizuri vilikwenda kwa dada yake. Baiskeli ilikwenda naye shambani. Jioni mtoto wa jirani alitumwa kuwasha moto jikoni, ili moshi uonekane. Katikati ya miaka ya 1990, wachimbaji na wanunuzi wa vito walipomiminika Tunduru na njia ikajaa sura ngeni, alinunua kufuli, lakini utaratibu wake hakuuacha. "Mwizi haogopi kufuli, mjukuu wangu," aliniambia. "Anaogopa kuulizwa unakwenda wapi."

Huo ni mbumba uleule, umenyooshwa kando ya barabara. Umeendeshwa zaidi na wanawake waliobaki: mwenye mtoto mchanga, mgonjwa, mzee asiyeweza tena kupanda dungu. Hawamo kwenye orodha ya mgambo wala kwenye mahesabu ya chama cha ushirika, ingawa bila wao hakuna ambaye angethubutu kwenda kulinda gunia hata moja. Leo muuguzi anayeingia zahanati saa mbili usiku anawategemea hao hao, na mlinzi wa ghala la korosho vilevile.

Ndiyo maana nimeongeza swali moja kwenye mahojiano yangu. Wazee wakinisimulia walivyokesha shambani, nguruwe wangapi waliwafukuza na simba walimsikia upande gani, nawasikiliza hadi mwisho, kisha nauliza nani alibaki nyumbani. Kwanza hukaa kimya kidogo. Halafu huanza kutaja majina, na mara nyingi ni majina ambayo sijayakuta kwenye jalada lolote.