Mgeni wa Mto Kiwira Apewe Jembe

Ndugu msomaji, wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wiki hii nazungumzia mgeni aliyeingia katika mito yetu ya Nyanda za Juu Kusini tangu enzi za Mwingereza, akalindwa kwa sheria, akavuliwa kwa leseni, na hadi leo hajapewa jembe. Mgeni huyo si mtu. Ni samaki aitwaye trauti.

Wengi wetu wakazi wa mjini hatumjui. Ukizunguka soko la Soweto hapa Mbeya utakutana na perege, na dagaa, na ukibahatika utampata mbasa wa Kyela. Trauti humwoni. Yeye ni samaki wa maji ya baridi, maji maangavu yaendayo kasi na kutoa povu juu ya mawe. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi huanza kutaabika, na likizidi sana hufa. Ndiyo maana hapa nchini makao yake yalitafutwa milimani tu: katika Kiwira ya juu kule Rungwe, katika vijito vya Mufindi na Njombe, na katika mito ya Kilimanjaro na Usambara.

Alifikaje huku? Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya. Mwenzake, trauti wa upinde wa mvua, ametoka katika mito inayoingia bahari ya Pasifiki, upande wa Amerika Kaskazini na mashariki ya mbali ya Urusi. Mwingereza alikuwa na desturi yake: kila alikohamia alitaka awe na kanisa lake, klabu yake, uwanja wake wa gofu, na samaki wake mtoni. Mwaka 1864 mayai ya trauti yalisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi Tasmania, kusini mwa Australia, yakiwa yamehifadhiwa kwa barafu yasianguliwe njiani. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai kutoka Uskoti, yakaingizwa katika mto Gura, milima ya Aberdare nchini Kenya. Hata yai la samaki, basi, lilifungiwa safari na kubebwa mpaka mlimani.

Tanganyika ilipokabidhiwa Waingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, desturi hiyo ikavuka mpaka. Oktoba 1925 Lord Delamere, kiongozi wa walowezi wa Kenya, aliwakusanya wenzake pale Tukuyu. Walowezi wa Kenya, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini walikaa wakizungumza namna ya kuziunganisha nchi hizi chini ya mamlaka yao wenyewe. Hapo hapo dhahabu ya Lupa ilikuwa imekwisha gunduliwa, na mji wa Mbeya ukachipuka. Mashamba ya chai yakafunguliwa Mufindi na Tukuyu. Mazungumzo yale ya Tukuyu hayakuzaa dola ya walowezi. Yaliyobaki ni majani ya chai, majengo machache ya mawe, na trauti.

Hebu sasa nieleze anavyovuliwa, maana uvuvi wenyewe una mambo yake. Mvuvi wa trauti hatumii nyungunyungu wala donge la ugali. Hutumia ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ya ndege na nyuzi za rangi mpaka ifanane na nzi. Kwa kuwa nzi huyo hana uzito, kinachorushwa ni kamba yenyewe, ambayo imetengenezwa iwe nzito. Fimbo ndefu nyembamba huipeperusha kamba nyuma na mbele kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, kisha nzi hutua juu ya maji taratibu, kana kwamba ameponyoka kwenye jani. Ufundi huu ni wa kale. Mwandishi wa Kirumi Aelian, aliyeishi miaka 1,800 hivi iliyopita, alieleza jinsi watu wa Makedonia walivyofunga sufu nyekundu na manyoya kwenye ndoana ili kuwahadaa samaki wa mtoni.

Ni mchezo wa subira, nami siubezi. Ninachokitazama ni jinsi ulivyogawa watu katika mto mmoja. Tanganyika ilitungiwa sheria mahsusi ya kuwalinda trauti. Samaki wengine, ambao ndio waliokuwa chakula cha wananchi, hawakupewa heshima ya namna hiyo. Mwenye fimbo ndefu na leseni aliitwa mwanamichezo. Kijana wa kijijini aliyeshuka na ndoana yake kumtafutia mama kitoweo aliitwa mwizi, tena katika mto aliobatizwa nao jina babu yake. Tusishangae basi kwamba baada ya Uhuru watu wengi walimwona trauti kuwa mali ya wenyewe, na wenyewe walikuwa wamekwisha ondoka. Samaki asiye na mwenyewe hana wa kumtetea.

Lakini kuna jambo moja ambalo walowezi walilijua vizuri, nasi hatukulirithi. Walijua kuwa trauti huhifadhiwa kuanzia kwenye chanzo cha mto. Jike hutaga katika changarawe safi chini ya maji, na mayai hupumua kwa maji yanayopenya kati ya vijiwe. Udongo ukiporomoka kutoka shambani hujaza nafasi hizo, na mayai hufa kwa kukosa hewa. Miti ya asili ikikatwa kingoni, jua hupiga maji na joto hupanda. Wadudu wanaoishi chini ya mawe, ambao ndio chakula chake, nao hutoweka dawa za shambani zinapotiririka mtoni.

Sasa tazama milima yetu. Kutoka Uyole kupanda Isongole ni nchi ya viazi mviringo. Viazi hivyo ndivyo vinavyoshuka Soweto katika magunia ya lumbesa, na vingine hupanda malori kwenda Dar es Salaam kuwa chipsi. Mkulima wa kule simlaumu. Ana ada za shule, ana mbolea ya kununua, na mnunuzi anampunja kwa lumbesa, hivyo hulima mpaka ukingoni mwa maji. Anapulizia dawa ya ukungu mvua zikikaza, na mvua hiyo hiyo huiosha dawa kuipeleka mtoni. Wengine wamepanda milingoti kwenye chemchemi, mti unaokunywa maji bila haya. Na wapo wanaovua kwa utupa au kwa sumu za dukani, wakaua samaki elfu ili wapate kikapu kimoja.

Tuwe wakweli pia kwamba mgeni mwenyewe si malaika. Trauti ni mlaji wa nyama. Huko New Zealand aliwamaliza au kuwafukuza samaki wadogo wa asili katika vijito vingi. Kwa hiyo atakayesema tumpandikize katika kila kijito cha milimani ili tupate watalii, nami nipo upande wa kumpinga. Vijito ambavyo hajafika vibaki na wenyeji wao.

Na wenyeji tunao wa kuonea fahari. Yule mbasa niliyemtaja ni samaki wa Ziwa Nyasa na mito yake, hapatikani kwingineko duniani. Wakati wa mvua hutoka ziwani akapanda mito kwenda kutaga kwenye changarawe, kama wafanyavyo samaki mashuhuri wa Ulaya wanaoandikiwa vitabu. Wavuvi hutega nyavu midomoni mwa mito wakati ule ule anapopanda na mayai tumboni. Akizikwepa nyavu, juu anakuta changarawe imefunikwa matope. Wataalamu wa kimataifa wamekwisha mweka katika orodha ya viumbe walio hatarini. Mbasa hakupata klabu wala sheria ya jina lake. Lakini tope linaloua mayai ya mgeni kule juu ndilo linalosafiri na kuua mayai ya mwenyeji kule chini. Mto ni mmoja.

Utasema, ndugu msomaji, haya ni mambo ya samaki, mimi mkazi wa Soweto, Mwanjelwa au Forest yananihusu nini? Yanakuhusu hadi jikoni. Katika miaka hii ya 2020 umeanza kujengwa mradi mkubwa wa kuyaleta maji ya Kiwira katika jiji la Mbeya, uliokusudiwa kutoa zaidi ya lita milioni 100 kwa siku. Mto aliopelekwa trauti kwa ajili ya starehe ya wachache ndio unaotegemewa kujaza ndoo za mamia ya maelfu ya watu. Tope litakalofika kwenye mitambo litasafishwa kwa gharama, na gharama hiyo itaingia katika ankara yako. Wala tusijidanganye kwamba mito mikubwa haifi. Ruaha Mkuu, unaokusanya maji kutoka milima hii hii upande wa Usangu, ulikauka kwa mara ya kwanza ndani ya hifadhi ya Ruaha katika kiangazi cha mwaka 1993, na tangu hapo umekauka kiangazi baada ya kiangazi. Na mtu ambaye angeambiwa mwaka 1970 kwamba Ruaha itakauka, angecheka.

Basi jembe ninalotaka apewe mgeni huyu ni hili: awe kipimo. Mahali alipopandikizwa zamani akaweza kuishi na kuzaa, maji yalikuwa baridi, safi na yenye hewa. Mahali alipotoweka bila kumalizwa na wavuvi, pana jambo limeharibika, na jambo hilo litatufikia sisi. Walimu wa sekondari za Rungwe wanaweza kuwapeleka wanafunzi mtoni kila msimu, wakapima joto, wakainua mawe na kuhesabu wadudu, wakaandika. Kazi hiyo haihitaji maabara ya Ulaya. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Nyasa, yenye ofisi zake pale pale Tukuyu, na jumuiya za watumia maji zingekuwa na taarifa ya kila kijito.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imekwisha weka mita 60 kutoka ukingo wa mto zisifanyiwe shughuli za kudumu. Lakini mita 60 za mkulima mwenye ekari moja ni sehemu kubwa ya maisha yake. Haiwezekani mjini tunywe maji, naye abebe hasara peke yake. Kama sehemu ndogo ya fedha ya ankara za maji ingepanda mlimani kununua miche ya miti ya asili na kumfidia anayeuacha ukingo, mkulima angekuwa mlinzi wa kwanza wa mto.

Walowezi walimlinda samaki wakamsahau mtu. Sisi tukaja tukamsahau samaki, na sasa tunaelekea kuusahau mto. Maji ya Kiwira yatakapofunguliwa Soweto, kila mwenye bomba atakuwa na hisa katika changarawe ya Isongole. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.