Ukuzaji wa tishu za mimea ya dawa

Njia ya kupata viambato vya tiba kwa kuotesha seli za mmea chupani. Kipande cha jani hutakaswa, huwekwa juu ya agari yenye sukari, madini na homoni, kikatoa kinundu laini cha seli ambazo baadaye hukuzwa matangini. Japani iliuza kiambato cha shikonini kilichopatikana kwa namna hii mwaka 1983. Paklitakseli ya saratani ikafuata. Faida kubwa ya njia hii ni kuinusuru miti, kwani dawa hupatikana bila kuikata pale ambapo misitu tayari imepungua: kwa mfano, kandokando ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, kaskazini mwa Lilongwe nchini Malawi, ukataji wa kuni umeshapunguza misitu. Lakini si kila dawa hukubali chupa. Artemisinini ya malaria hutengenezwa kwenye vinyweleo vya majani, hivyo kinundu kisicho na majani hutoa kidogo mno.