Namna ya kupunguza mvumo wa sumaku kutoka kwa nyaya za stima nyumbani

GITAA la umeme au kipaza sauti kinapovuma mfululizo, aghalabu mwenyewe hukilaumu kifaa. Huenda kasoro imo ukutani.

Mnamo 1820, mwanasayansi wa Denmark, Hans Christian Ørsted, alidhihirisha kwamba waya unaopitisha umeme huzungukwa na nguvu za sumaku. Stima ya majumbani nchini Kenya hubadilika mara 50 kwa sekunde, na sumaku yake hali kadhalika. Ikizifikia nyaya za kifaa cha sauti, husikika kama mvumo.

Wapo wanaobandika karatasi ya alumini ukutani. Ni kazi bure, kwani sumaku ya aina hii huipenya, sawa na inavyopenya mawe na saruji. Dawa ni kuandamanisha waya wa moto na wa nyutro katika paipu moja. Umeme unaokwenda kwa mmoja hurudi kwa mwingine, hivyo sumaku za nyaya hizo mbili hukaribia kufutana. Zikitenganishwa, nafasi iliyo kati yao hujaa sumaku.

Mahali pa kutiliwa shaka kwanza ni taa ya ngazini yenye swichi mbili, moja chini na nyingine juu. Fundi anayebana matumizi ya waya huchukua moto kutoka saketi ya chini, kisha akaazima nyutro ya saketi ya juu. Pete inayozuka hapo yaweza kuwa kubwa kama nyumba yenyewe.

Mvumo huo ni afadhali kuliko hatari inayoandamana nao. Fundi mwingine atazima saketi ya juu akidhani yu salama, aifungue nyutro yake, kumbe ingali inapokea moto wa chini kupitia balbu. Akiigusa, itamrusha, na yaweza kumuua.

Nyutro inayogusana na waya wa ardhi pia huleta mvumo, kwa kuwa sehemu ya umeme hurudi kupitia njia nyingine, yakiwemo mabomba ya maji ya chuma.

Kifaa kikiwa karibu na transfoma ya chaja, kukisogeza mita moja tu mara nyingi hutosha. Kasoro za ukutani, hata hivyo, ni za fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA. Atazikumbatia waya wa moto na nyutro ya saketi kwa pamoja kwa mita ya kubana, taa zikiwa zimewashwa. Mita ikikosa kusoma sufuri, kuna umeme unaorudi kwa njia isiyo yake.